Nyimbo za tamthilia zilizotokana na vitabu: vijana wetu wasome kwanza, ndipo waimbe

MWANZISHA UZI (Kisumu)

Wanajukwaa, nawasalimu. Uzi huu nauelekeza hasa kwa wenzangu wanaolea vikundi vya maigizo vya vijana hapa Kisumu, Kakamega, Bungoma, Kitale na Nakuru, na kwa wazazi ambao watoto wao hushinda Jumamosi nzima kwenye mazoezi. Kikundi chetu kimekuwa kikiandaa tamasha la nyimbo zilizotolewa katika tamthilia za muziki ambazo asili yake ni vitabu, na kazi hiyo imenithibitishia jambo moja ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu: kijana asikabidhiwe wimbo wa tamthilia kabla hajasoma kile kipande cha kitabu kilichouzaa wimbo huo.

Najua kwamba desturi yetu ni kinyume cha hayo. Kijana huusikia wimbo kwenye simu, akaupenda, akaukariri pamoja na kila pumzi na kila mkwaruzo wa sauti ya mwimbaji aliyemsikia, kisha akapanda jukwaani na kuuimba kama wimbo wowote wa mapenzi. Hadhira humpigia makofi kwa sababu sauti ni nzuri, lakini mhusika hayupo, na aliyeketi nyuma ukumbini hajui ni nani anayelia wala analilia nini.

Mfano ulio wazi zaidi ni Les Misérables. Riwaya ya Victor Hugo ilitoka mwaka 1862. Mwaka 1980 Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil waliigeuza kuwa tamthilia ya muziki huko Paris, na mwaka 1985 ikaingia London ikiwa na maneno ya Kiingereza ya Herbert Kretzmer. Wimbo wa Fantine, "I Dreamed a Dream", ndio ambao karibu kila msichana mwenye sauti huomba apewe. Sisi tulikifunika kinanda, tukakaa duara, na msichana aliyepangiwa wimbo akasoma kwa sauti sehemu ambayo Fantine amekwisha kufukuzwa kiwandani kwa sababu ilijulikana kwamba ana mtoto nje ya ndoa. Wale wanaomlelea bintiye Cosette, mtu na mkewe waitwao Thénardier, wanamwandikia kwamba mtoto hana nguo ya baridi. Fantine anauza nywele zake, ananunua sketi ya sufu na kuituma. Walezi wanakasirika, kwani walichotaka ni pesa taslimu. Sketi wanamvika binti yao wenyewe, Éponine. Kisha barua nyingine inafika: mtoto anaumwa homa, tuma pesa ya dawa. Fantine anauza meno yake mawili ya mbele, na mtoto hakuwa mgonjwa hata kidogo.

Hapo hapakuhitajika mwalimu wa kufafanua. Vijana hawa wanawajua kina mama wanaofanya kazi za nyumbani Nairobi au Ghuba huku watoto wao wakilelewa na jamaa kijijini, na wanajua ujumbe wa simu unaoingia usiku ukisema kwamba mtoto amelazwa. Msichana yule aliporudi kwenye wimbo, mikono iliyokuwa ikipaa kila mstari ilitulia ubavuni, na ule mstari wa kwanza, ambao awali aliuimba kwa nguvu ya mtu anayetaka kusikika hadi barabarani, aliuanza kwa sauti ya mtu anayejisemea. Sikumwagiza afanye hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo kijana hulipata kwa kusoma. Katika tamthilia ya jukwaani, Fantine anauimba wimbo huo mara tu baada ya kufukuzwa kazi, kabla hajauza chochote. Katika filamu ya mwaka 2012 wimbo umesogezwa mbele, ukaja baada ya nywele na meno kwenda. Maneno ni yale yale, lakini wa kwanza ni mwanamke anayeanza kuogopa, na wa pili ni mwanamke ambaye hakubakiwa na kitu. Mwimbaji lazima aamue yeye ni yupi kati ya hao, na asiyekijua kitabu hawezi hata kujua kwamba kuna uamuzi wa kufanywa. Vivyo hivyo kwa "On My Own", wimbo ambao Éponine anauimba akiwa amekua, maskini, akimpenda Marius ambaye haoni kwamba anapendwa. Katika toleo la Paris la mwaka 1980 muziki huo ulikuwa wa Fantine. Mimi naona ni haki kubwa imetendeka: mtoto aliyevikwa sketi isiyo yake ndiye aliyerithi wimbo wa mwanamke aliyeinunua. Tangu vijana wetu walijue hilo, nyimbo hizo mbili tunazifuatanisha kwenye tamasha, na katikati msomaji anasimama na kusoma kile kisa cha sketi, basi.

Kuhusu Oliver! nitasema machache. Lionel Bart aliitunga mwaka 1960 kutokana na riwaya ya Charles Dickens iliyochapishwa kwa sehemu kati ya 1837 na 1839, na wimbo wa kuanzia, "Food, Glorious Food", ni wa watoto wanaolishwa uji mwepesi wakiota vyakula wasivyowahi kuvionja. Wavulana wetu waliuimba kwa kuchezacheza mpaka waliposoma jinsi watoto wale walivyokuwa wakiyasugua mabakuli kwa vijiko yakang'aa bila kuhitaji kuoshwa. Sasa wanaushika mpigo kwa vijiko na bakuli za bati. Ukumbi ukisikia vijiko hivyo, unawakumbuka watoto wanaolala karibu na stendi ya mabasi, na hatulazimiki kuweka bango lolote linalosema hivyo.

Matilda nayo ina funzo lake tofauti. Kitabu cha Roald Dahl ni cha mwaka 1988. Tamthilia iliandikwa na Dennis Kelly, nyimbo zikatungwa na Tim Minchin, na ilionyeshwa kwanza Stratford-upon-Avon mwaka 2010 na Royal Shakespeare Company. Tulipowapeleka vijana kusoma kitabu katika maktaba ya taifa, tawi la Kisumu, walirudi na malalamiko: katika tamthilia Matilda anamsimulia mkutubi kisa kirefu cha mwanasarakasi na mpenzi wake, na kisa hicho hawakukiona popote kitabuni. Ni kweli, hakimo. Mwandishi wa tamthilia amekibuni ili mtoto msomaji awe pia mtoto msimulizi. Mjadala uliozuka siku hiyo kuhusu kiasi cha uhuru alicho nacho anayehamisha kitabu kwenda jukwaani ulinipa matumaini zaidi kuliko wimbo wowote walioimba, kwa sababu ndipo walipoanza kuuliza kwa nini hatuzitoi nyimbo katika vitabu vyetu wenyewe.

Huko ndiko ninakotaka tufike. Grace Ogot, katika mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1968, Land Without Thunder, ana hadithi ya Oganda, binti wa chifu anayepaswa kutolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Msichana anakwenda peke yake kuelekea ziwani, na njiani anaimba. Mwandishi mwenyewe ameuweka wimbo ndani ya hadithi. Kilichobaki ni sauti na nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Margaret Ogola, katika The River and the Source ya mwaka 1994, ana Akoko, mjane aliyefunga safari hadi hapa Kisumu kudai haki ya mjukuu wake mbele ya serikali ya kikoloni. Ni nani katika mji huu anayemwimba Akoko? Na wenzetu wa Nakuru wana Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, iliyotoka mwaka 2008, ambayo inaanza na familia inayohama Nakuru baada ya baba kupoteza kazi. Binti mkubwa, Taiyo, anapenda muziki kwa moyo wote, na baba yake amemkatalia kwenda kwenye tamasha la muziki Mombasa. Mdogo wake Resian anatamani kusoma Chuo Kikuu cha Egerton. Wasichana wawili wenye tamaa mbili zilizo wazi, mmoja ya kuimba na mwingine ya kusoma, wakiwa ndani ya gari linalowatoa mjini. Sijui mtunzi wa tamthilia anahitaji nini zaidi ya hapo ili aanze kazi.

Naomba maoni yenu, hasa ya wanaopinga.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mwalimu wa kwaya, Kakamega)

Mwanzisha uzi, nakushukuru kwa hoja iliyopangika. Nakubaliana nawe kuhusu kitabu, ila naona umeiruka sauti yenyewe, na mimi kama mwalimu wa kwaya siwezi kunyamaza. Nyimbo hizi zilitungwa kwa ajili ya waimbaji watu wazima waliofunzwa kwa miaka mingi. "Defying Gravity" ya Stephen Schwartz, katika Wicked ya mwaka 2003, inafunga nusu ya kwanza ya tamthilia ikiwa imepanda mahali ambapo koo la msichana wa miaka 16 litalipa gharama. Nimeshuhudia wasichana wakishindana kuimaliza, na wiki iliyofuata hawawezi hata kuitika wakiitwa. Kwa wavulana hali ni ngumu zaidi, kwa sababu sauti inabadilika katikati ya msimu: uliyempa sehemu ya juu mwezi wa pili anafika mwezi wa sita akiwa teno, pengine besi.

Dawa tunayo, na tunaidharau kwa kuwa tuliizoea tangu shule ya msingi. Nota za sofa (do, re, mi) hazimfungi mtu kwenye ufunguo. Andika wimbo wote kwa sofa, kisha amua kwamba do itakuwa G badala ya B bapa, na kwaya nzima itashuka bila mtu yeyote kuandika upya hata mstari mmoja. Waliofunzwa kwenye Tamasha la Muziki la Kenya wanalijua hili. Tatizo ni muziki uliorekodiwa ambao vikundi vingi hupakua mtandaoni. Huo ukiwa juu, kijana analazimika kuufuata huko huko juu. Afadhali kinanda kimoja na mpigaji mwenye subira.

Pili, wapo wanaopendekeza tuzitafsiri nyimbo hizi kwa Kiswahili. Mimi nimejaribu na nashauri tahadhari. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya nyimbo hizo inaishia kwenye silabi moja nzito. Ukitafsiri neno kwa neno, mkazo wa lugha unaanguka pale ambapo muziki umekwisha kupumzika, na hadhira inasikia kitu kilichopinda bila kujua ni nini. Hiyo ni sababu nyingine ya kuunga mkono wazo lako la kutunga upya kutokana na vitabu vyetu, kwani sauti itazaliwa pamoja na lugha.

Swali langu ni hili: je, isukuti ina nafasi? Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na vijana wangu wanaipiga vizuri kuliko wanavyokipiga kinanda. Nisingependa wafike kwenye tamasha la nyimbo za vitabu wakaambiwa waziache ngoma mlangoni.

MWANZISHA UZI

Mwalimu, nimezipokea zote mbili. Kuhusu ufunguo uko sahihi kabisa, na sisi pia tumeachana na muziki uliorekodiwa, ingawa sababu yetu ya kwanza ilikuwa umeme unaokatika.

Kuhusu isukuti, jibu langu linategemea mahali. Ndani ya "On My Own" siiwezi kuikubali, kwa kuwa msichana yule anatembea peke yake usiku na ngoma zile ni za watu wengi, huku mwitaji akiita na umati ukiitikia. Lakini hicho ndicho kinachohitajika katika hadithi ya Oganda, pale wanakijiji wanapomsindikiza wakishangilia kwamba mvua itakuja huku yeye akienda kufa. Kitu kinachotisha katika kisa hicho ni furaha ya watu. Mpe mwitaji mistari ya furaha, waitikie wote, halafu ngoma zikome ghafla na abaki msichana na sauti yake. Oganda ni hadithi ya Kijaluo na isukuti ni ya Waluhya, kwa hiyo kwetu hapa tutatumia ngoma za ohangla; ninyi huko nadhani mna visa vyenu ambavyo mngeanzia. Ningefurahi sana kuona Kakamega ikileta kitabu chake.

MCHANGIAJI WA PILI (mzazi, Nakuru)

Nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu binti yangu yumo katika kikundi cha aina hii hapa Nakuru. Naafiki kwamba wasome, lakini naomba walezi wa vikundi nanyi mvisome vitabu hivyo kabla ya kuwaagiza watoto. Binti yangu aliipenda Wicked, nikamnunulia riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995 nikidhani ni hadithi ya watoto. Siyo. Ni kitabu cha watu wazima, kina mambo ya kitandani na ukatili, na hata mwisho wake si ule wa jukwaani. The Color Purple ya Alice Walker nimeisoma mwenyewe. Ni kazi kubwa, ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1983, na wimbo wa mhusika mkuu, Celie, katika tamthilia iliyotokana nayo, uitwao "I'm Here" ni wimbo ambao mwanamke yeyote angependa kuuimba, lakini kurasa za kwanza za kitabu hicho zinaeleza ubakaji wa mtoto nyumbani kwao. Ni nani atakayekaa na msichana wa miaka 14 baada ya kuzisoma kurasa hizo? Msimwachie mzazi agundue jambo hilo mezani wakati wa chakula.

La pili ni la woga, nami sioni haya kulisema. Tangu Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipofika hapa Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza mchezo wao, sisi wazazi tunaulizana kila mara watoto wanaigiza nini. Wimbo kama "Do You Hear the People Sing?" wa Les Misérables ukiimbwa na vijana wa Kenya mwezi Juni, hautasikika kama wimbo wa Ufaransa. Je, mmelifikiria hilo?

MWANZISHA UZI

Mama, yote mawili ni ya haki, na la kwanza nalichukua kama kanuni. Mlezi wa kikundi asome kitabu kizima kabla ya kijana kusoma ukurasa mmoja, na achague kipande kulingana na umri. Ninaposema kijana asome, sina maana ya kumtupia riwaya yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Les Misérables tumeisoma kwa toleo lililofupishwa, na vile vipande vinavyohusu nyimbo zetu tukavisoma kikamilifu, kwa pamoja, mlezi akiwapo. The Color Purple hatujaigusa na hatutaigusa mpaka tupate mshauri nasaha wa kukaa nasi. Wimbo unaweza kusubiri.

Wanaotaka kitabu ambacho familia nzima inaweza kukaa nacho, nawaelekeza kwa Lost in the Stars, tamthilia ya muziki ya Kurt Weill na Maxwell Anderson ya mwaka 1949, iliyotokana na Cry, the Beloved Country ya Alan Paton, riwaya ya Afrika Kusini iliyotoka mwaka mmoja tu kabla yake. Mchungaji Stephen Kumalo anatoka kijijini kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe, na anamkuta katika kesi ya mauaji. Wimbo unaobeba jina la tamthilia anauimba yeye pamoja na kwaya, mtu wa Mungu ambaye imani yake imeyumba, na haufichi kwamba imeyumba. Wengi wetu tunafanyia mazoezi katika kumbi za makanisa. Sioni ukumbi unaoufaa wimbo huo zaidi.

Sasa lile la pili. Ndiyo, tumelifikiria, na hapa ndipo kitabu kinapotusaidia kuliko mahali pengine popote. Anayeujua wimbo huo kutoka kwenye video atauimba akiwa ameinua ngumi. Anayekisoma kitabu anajua kwamba ni maasi ya Paris ya Juni 1832, kwamba vijana wale wanafunzi wanazingirwa kwenye kizuizi chao, kwamba watu wa mji waliotarajiwa kuja hawaji, na kwamba karibu wote wanakufa. Anajua pia kwamba Gavroche, mtoto wa mitaani, anatoka nje ya kizuizi kuokota risasi kwenye maiti za askari ili wenzake wapate za kupigia, huku akiimba, na kwamba Hugo anamuua katikati ya ubeti, wimbo ukiwa haujakamilika. Vijana wetu waliposoma ukurasa huo, mvulana mmoja aliomba tusimalize wimbo wa Juni kwa kelele kama ulivyoandikwa, bali sauti zipungue moja baada ya nyingine mpaka abaki mdogo kuliko wote. Tulikubali.

Siwezi kukuahidi, Mama, kwamba hadhira haitafikiria maandamano ya vijana ya Juni mwaka 2024 hapa Kenya. Itafikiria, na ina haki ya kufikiria. Wapo watu mjini humu waliopoteza watoto wao. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba mwanao atakuwa anajua anaimba nini, kuhusu nani, na gharama yake ilikuwa ipi. Na kabla ya onyesho, wazazi wote wanapewa orodha ya nyimbo pamoja na vipande vitakavyosomwa. Mzazi asiyeridhika na kipande fulani anazungumza nasi, na mtoto wake anapangiwa kingine bila kuulizwa maswali mbele ya wenzake.

MCHANGIAJI WA TATU (mwigizaji, Kitale)

Salaam kwenu nyote. Mimi hutembea na kikundi kinachoigiza vitabu teule vya fasihi katika shule za sekondari, kwa hiyo nazungumza nikitazama upande wa riziki. Vikundi vingi vya ukanda huu vinaishi kwa kazi hiyo: shule inatualika, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanalipa kiasi kidogo, tunaigiza kitabu kizima, jioni tuko barabarani kuelekea shule nyingine. Tunachofanya kwa kawaida ni mazungumzo matupu, na kufikia saa ya pili wanafunzi wamechoka. Tulipoanza kuweka nyimbo, hata mbili tu zilizotungwa na sisi wenyewe, walimu walituambia kwamba wanafunzi waliikumbuka migogoro ya wahusika kwa kuukumbuka wimbo. Kwa hiyo wazo la mwanzisha uzi lina soko lililo tayari, na soko hilo liko kwenye mbao za darasa, si Broadway.

Nashangaa kwamba hamjamtaja Ken Walibora. Siku Njema, aliyoitoa mwaka 1996, ina kila kitu mnachokitafuta. Mamake mhusika mkuu, Kongowea, ni Zainabu Makame, naye ni mwimbaji wa taarabu Tanga. Mtoto anabaki yatima, anateswa na jamaa, kisha anafunga safari ndefu kumtafuta baba yake hadi huku kwetu Kitale. Kitabu kinaanzia kwenye taarabu ya pwani na kufika mahali ambapo litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, linasikika. Muziki wa tamthilia hiyo unaweza kusafiri pamoja na mhusika: udi na fidla mwanzoni, ngoma za njiani, litungu mwishoni. Walibora alitutoka Aprili 2020, na sijui heshima iliyo bora zaidi ya kumpa.

Kinachonizuia ni swali la haki. Tukiimba nyimbo za Les Misérables tunatakiwa kumlipa nani? Na tukitunga zetu kutoka Siku Njema tunamwomba nani? Nimesikia majibu yanayopingana.

MWANZISHA UZI

Ndugu, umenigusa kwa Siku Njema. Safari ya ala kufuata safari ya mhusika ni wazo ambalo nisingelifikia nikiwa hapa ziwani.

Kuhusu haki nitaeleza ninavyoelewa na tunavyofanya. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi au muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hugo alifariki mwaka 1885 na Dickens mwaka 1870, hivyo riwaya zao ni mali ya umma: unaweza kuzisoma jukwaani, kuzitafsiri na kuzitungia nyimbo zako mwenyewe. Nyimbo za Schönberg ni jambo tofauti kabisa, kwani zina wenyewe. Kuimba wimbo mmoja mmoja katika tamasha, mwimbaji amesimama bila maleba wala maigizo, kwa kawaida kunashughulikiwa na mashirika yanayokusanya mirabaha ya muziki. Ukivaa maleba, ukaigiza tukio na kuunganisha nyimbo zikasimulia hadithi yao, umeingia katika haki ya tamthilia, na leseni yake huombwa kwa shirika linaloisimamia. Kwa Les Misérables ni Music Theatre International la New York, ambalo lina hata toleo maalumu la shule. Tafsiri nayo inahitaji idhini. Ndiyo maana sisi tunasimama na kusoma kitabu kati ya nyimbo, nguo za kila mmoja zikiwa nyeusi tu, badala ya kuigiza matukio. Anayetaka uhakika zaidi aiendee Bodi ya Hakimiliki ya Kenya mapema, kabla hajachapisha mabango.

Kwa Ogot, Ogola, Kulet na Walibora, wote wamefariki ndani ya miaka 50 iliyopita, kwa hiyo idhini ni lazima, na mahali pa kuanzia ni mchapishaji, ambaye ndiye atakayekuelekeza kwa familia. Andika barua yenye kueleza ni sura zipi, nyimbo ngapi, maonyesho mangapi na kiingilio ni kiasi gani. Barua ya namna hiyo hujibiwa kwa uzito kuliko simu ya haraka.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kwa wale wanaoogopa kutunga kwa sababu hawakusomea muziki, niongeze jambo dogo. Lionel Bart, aliyetunga kila wimbo wa Oliver!, hakuwa anajua kusoma wala kuandika nota. Aliziimba sauti, wengine wakaziandika. Kila kikundi ukanda huu kina kijana wa namna hiyo na kina mtu mmoja anayejua sofa. Waketishwe pamoja.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimeridhika na majibu, hasa la orodha ya vipande kwa wazazi. Nitauliza kikundi cha binti yangu kama wanaweza kuanza na Taiyo, kwa kuwa kitabu tunacho nyumbani na mimi mwenyewe naweza kuwasomea.

MWANZISHA UZI

Mama, mkianza na Taiyo, nawashauri msianzie pale anapokataliwa Mombasa. Hapo ana hasira, na wimbo wa hasira huisha haraka. Anzieni pale Joseph Parmuat anapowafundisha mabinti hao nyimbo na ngoma za watu wao, kwa maana hapo Taiyo anapata ule muziki alionyimwa, na anaupata kwa mtu ambaye mila haimruhusu ampende kwa kuwa ni wa ukoo wao. Wimbo wa watu wawili, mmoja akifundisha na mwingine akijibu, sauti ya kiume ikianza chini na ya kike ikimfuata nyuma kwa mstari mmoja. Mwalimu wa Kakamega, kama utaniruhusu, nitakutumia mstari wa kwanza nilioutunga. Nimeuandika kwa sofa, do ikiwa F, na ningependa uniambie kama mvulana wa miaka 17 ataufikia bila kujikaza.